Mti wa Kupimia Mto

Jumatatu, 1 Novemba 1971

Nimefika. Miguu imefika pia, ila baadaye kidogo.

Kwa faida ya atakayeokota daftari hili: mimi ni Peterson Kingori, karani wa muda, mzaliwa wa Mweiga, miaka ishirini na saba. Nimetumwa kuishi siku arobaini kisiwani. Nyumbani walicheka. Kisiwa gani huku kwetu kwenye viazi? Lakini kipo. Juu ya Naro Moru, mwendo wa saa tano kwa miguu kutoka pale barabara ya gari inapokoma, mto unagawanyika mikono miwili, unazunguka kipande kirefu cha ardhi, kisha unaungana tena. Juu ya kipande hicho kuna nyumba moja ya mabati, choo kimoja, na upepo. Mti wa kuota hakuna hata mmoja.

Kazi yenyewe: kupima mvua kwa kopo, upepo kwa vikombe vinavyozunguka, na mto kwa mti mrefu uliopakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba nyeusi. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Namba nazisoma kwenye simu ya upepo, yaani redio ya kituo, kule chini Naro Moru zinaandikwa. Basi. Bwana Ndungu wa ofisini Nyeri ameahidi kwamba nikimaliza siku arobaini bila dosari, naajiriwa kabisa. Kofia yenye beji.

Nimepanda na Olow, Msomali wa Nanyuki mwenye nyumbu wawili wa mizigo, wale watoto wa punda na farasi. Atakuwa akituletea chakula kila baada ya wiki mbili. Ni Ramadhani, amefunga. Saa tano za kupanda mlima bila tone la maji, na hakuketi hata mara moja. Mimi niliketi mara kumi na moja. Mara ya mwisho akanibeba akanilaza juu ya nyumbu wake mwekundu, Dhahabu, kama gunia la makaa. Nimemwomba hilo lisifike Nyeri.

Mwenyeji wangu ni Mzee Ngatia, mlinzi na mpishi, miaka minane hapa. Aliviangalia viatu vyangu vya mjini kwa muda mrefu. 

Jumatano, 3 Novemba

Upepo umechukua mlango wa choo. Nilikuwa ndani.

Mzee Ngatia alikuwa anapita na ndoo. Akageuza uso kuelekea mlimani na kuanza kuimba wimbo wa kanisani, polepole, mpaka nilipomaliza kujistiri. Mtu mwenye heshima. Ningependelea angecheka.

Mti wa kupimia mto uko mbali kuliko nilivyodhani. Uko kwenye mkono mkubwa, upande wa Naro Moru, pale njia ya nyumbu inapovuka. Hatua mia nne kutoka nyumbani. Nimezihesabu. Mia nne kwenda, upepo ukinisukuma kifuani, na mia nne kurudi, ukinisukuma mgongoni kama askari. Kofia yangu imeondoka jana. Vidole havishiki kalamu. Mara mbili kwa siku! Mzee anasema mwenzangu aliyenitangulia alikuwa anaenda kwa kutambaa.

Kitu kizuri kimoja: sauti ya kwenye simu ya upepo. Anaitwa Warigia. Ndiye anayepokea namba. Ana sauti ya mtu aliyekaa karibu na moto.

Jumamosi, 6 Novemba

Nimejiaibisha mbele ya Warigia.

Nilitaka ajue ninapitia mambo gani huku. Asubuhi vikombe vya upepo vilisema thelathini na mbili. Nikaona thelathini na mbili haina uzito wowote kwa msichana. Nikasoma sabini na tano. Akaniomba nirudie. Nikarudia kwa sauti ya kishujaa. Ndipo akanieleza, kwa upole mkubwa, kwamba kipimo changu kinakomea sitini.

Nilisema kumbe nilikosea kusoma kwa sababu ya machozi ya baridi. Akasema pole. Akaongeza kwamba Jumatatu ile nyingine Olow akija, atanitumia kifurushi.

Kifurushi! Nimefikiria siku nzima. Soksi? Sweta alilofuma mwenyewe? Mzee Ngatia ameniuliza kwa nini natabasamu na ukuta.

Jumanne, 9 Novemba

Leo nimetumia akili. Nilizaliwa nayo, ni vibaya kuilaza.

Niko kitandani naangalia nje. Hatua ishirini kutoka dirishani unapita ule mkono mdogo wa mto, upande wa mlimani, penye jabali kubwa linalokinga upepo. Nikajiuliza: huu si mto ule ule? Maji si maji yale yale? Basi kwa nini mti wa kupimia uteseke kule kwenye upepo?

Alasiri nimeenda na sururu. Nimeung'oa. Nimeubeba begani hatua mia nne, upepo ukinizungusha mimi na mti wangu kama mlango uliolegea bawaba, nikaanguka mara mbili. Kule ulikuwa unasoma thelathini na tano. Nimeukita kwenye mkono mdogo na kuugongea chini mpaka maji yakafika thelathini na tano barabara. Sayansi. Sasa naweza kuusoma kwa darubini ya ofisi bila kuondoa blanketi.

Mzee Ngatia alikuja kuchota maji akaukuta. Akaweka ndoo chini. Akaniambia mti ule uliwekwa pale na watu waliokaa mwaka mzima wakiangalia maji, na kwamba mikono hii miwili haina tabia moja. Nikamjibu kwamba ofisi imeruhusu. Imeruhusu lini? Asubuhi, kwenye simu. Akanitazama. Akachukua ndoo yake.

Sikupenda jinsi alivyoniamini.

Ijumaa, 12 Novemba

Siku tatu za raha. Saa tatu kasoro dakika moja nafungua jicho, nainua darubini, nasoma, namwambia Warigia, nalala tena. Leo alinisifu. Amesema namba zangu siku hizi zinafika kwa wakati kuliko za mtu yeyote kabla yangu, na kwamba Bwana Ndungu ameziona.

Mzee Ngatia ana homa ya mafua. Analala upande wa jiko. Nimempikia uji, ukashika chini. Ameula wote na kushukuru.

Mvua imeanza huko juu mlimani. Huku kwetu ni manyunyu tu. Mkono mdogo: thelathini na saba. Unapanda kama mwanamke mjamzito, taratibu.

Jumatatu, 15 Novemba

Sijui niandike vipi. Nitaandika vile ilivyokuwa.

Saa tatu asubuhi Warigia aliniuliza mto uko vipi, kwa sababu Olow alikuwa tayari na nyumbu wake pale barabara inapokoma. Sheria yao ni hii: chini ya sitini anavuka, juu ya sitini anangoja. Niliinua darubini. Thelathini na nane. Nikasema thelathini na nane. Nilikuwa nimejifunika mpaka shingoni.

Saa nane nilisikia kelele. Nilitoka na blanketi mabegani, nikifikiria kifurushi. Mzee Ngatia akatoka pia, na homa yake. Tulipofika mwisho wa kisiwa sikuutambua mkono mkubwa. Mto wa tope, mpana mara mbili, unabeba magogo. Maji ya tope hayaonyeshi kina chake. Katikati alikuwa Olow, maji ya kifua, ameshika kamba ya Dhahabu. Nyumbu wake wa pili, yule wa kijivu, alikuwa bado ng'ambo akilia.

Mzee hakusimama kufikiri. Alifunga kamba yetu kiunoni mwake, akanipa ncha nyingine, akaingia. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika. Kamba ilipokaza iliniangusha kwa makalio na kuniburuta mpaka miguu yangu ikakwama kwenye jiwe. Hiyo ndiyo nguvu yangu yote, jiwe. Mzee alimshika Olow kwenye koti. Olow hakutaka kuachia kamba ya nyumbu. Mzee alimfungua vidole kimoja kimoja.

Dhahabu alikwenda na maji. Kichwa chake kilikuwa juu kwa muda mrefu, masikio yamesimama. Halafu pale mto unapopinda hatukumwona tena.

Tulimtoa Olow. Kifundo cha mguu wa kulia kimevunjika, mfupa unaonekana umesukuma ngozi.

Kitu cha kwanza nilichomuuliza, nikiwa nimepiga magoti mbele yake, ni kama kifurushi changu kilikuwa kwenye mzigo wa Dhahabu. Nimekiandika hapa ili kiwepo mahali fulani. Niliuliza kifurushi kabla ya kuuliza mguu.

Jumanne, 16 Novemba

Mto haushuki. Hakuna anayeweza kuja wala kutoka. Nyumbu wa kijivu alirudi peke yake mpaka barabarani, ndivyo watu wa chini walivyojua kuna jambo kabla sijapiga simu.

Mzee Ngatia ameufunga mguu wa Olow kwa vipande vya sanduku la chai. Nimempa Olow kitanda changu. Akanishukuru. Akasema makarani wengi hawawezi kumpa mtu kitanda. Kitanda kile! Toka pale unauona mti vizuri sana. Nimekitundikia gunia kile kidirisha, nikasema ni kwa ajili ya upepo.

Ameendelea kufunga. Mzee amembembeleza kwamba mtu aliyevunjika mguu ameruhusiwa kula. Olow amesema anajua ameruhusiwa. Jua lilipozama nilimpelekea uji na tende mbili alizokuwa nazo mfukoni, zimelowa maji ya mto. Akanipa moja. Niliila. Ilikuwa na mchanga.

Jumatano, 17 Novemba

Mpango: kurudisha mti mahali pake kabla mtu yeyote wa ofisi hajafika. Mti ukiwa pale pale ulipokuwa, nani atasema ulihama?

Nilitoka alfajiri. Nikaung'oa. Upepo ulikuwa unangojea hasa hilo. Mti ukashika upepo, nikawa mimi ndiye ninayebebwa. Nilijikuta nimelala chali na mti juu yangu, na namba sitini mbele ya macho. Nilipogeuza kichwa, Mzee Ngatia alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Sijui alikuwepo kwa muda gani.

Alikuja akausaidia kunitoka. Hakupandisha sauti.

"Ulisema ofisi imeruhusu," akasema.

Nikaanza kujipangusa tope.

"Ukirudisha hii mti, rudisha. Lakini andika pia ile siku uliitoa."

Akaenda zake kuangalia kifundo cha Olow. Niliubeba mpaka mkono mkubwa, nikaukita ukingoni, karibu na mahali pake, maana maji yalikuwa bado juu.

Saa tatu, kama vile mambo hayajatosha, Bwana Ndungu mwenyewe alikuja kwenye simu ya upepo. Amepata habari. Karani wa muda ameshika kamba, ameokoa maisha. Amesema ofisi inajivunia mimi. Kofia iko tayari, ila wanataka ukubwa wa kichwa changu. Mzee alikuwa nyuma yangu anamenya viazi. Kisu kilisimama.

Nilitaja ukubwa wa kichwa.

Kisu kikaendelea. Sijawahi kusikia viazi vikimenywa kwa sauti kubwa namna ile.

Alhamisi, 18 Novemba

Nimejaribu kumwambia Olow mara tatu.

Mara ya kwanza niliishia kumuuliza kama mguu unauma. Unauma. Mara ya pili nilianza na asili ya maji, jinsi yanavyoweza kumdanganya hata mtaalamu. Alilala. Mara ya tatu nilimwambia kwamba, kwa sababu zisizojulikana, mti wa kupimia ulikuwa umesogea.

Akafikiri.

"Mti hana miguu, karani."

Nikasema ni kweli. Nikaenda nje kusoma mvua. Kopo halikuwepo, upepo umelichukua. Nilisimama pale mahali pa kopo kwa muda.

Ijumaa, 19 Novemba

Nimemwambia.

Haikuwa ushujaa. Jioni mawingu yalipasuka upande wa magharibi, Olow akaomba tumtoe nje atafute mwezi, maana mwezi ukionekana, kesho yake ni Idi. Tulimkalisha kwenye kiti nyuma ya nyumba, upepo usimfikie sana. Mzee akarudi jikoni. Tukabaki wawili tunaangalia angani. Mwezi ulikuwepo, mwembamba kama ukucha. Akauona kabla yangu. Alifurahi, akaomba dua, halafu akasema mke wake Zeynab atakuwa naye anautazama huko Nanyuki, na hajui kama mumewe ni mzima au amekatwa mguu. Kisha akaniombea dua mimi. Kwa jina. Kwa sababu ya kitanda.

Hapo ndipo ilinitoka. Nilimwambia mti niliung'oa mwenyewe. Nilimwambia lini na kwa nini. Hatua mia nne, baridi, darubini. Nilisema yote kwa haraka, nikiangalia viatu vyangu.

 Nilidhani hakunisikia kwa sababu ya upepo.

"Ile thelathini na nane," akasema, "ulisoma ukiwa wapi?"

"Kitandani."

"Hii ambayo mimi nalala?"

"Hiyo."

Akafunga koti lake. Aliposema tena alikuwa anaangalia upande wa mto, si upande wangu.

"Dhahabu alikataa kuingia. Mara mbili alikataa. Miaka tisa mimi niko na yeye, hakuna siku alikataa maji. Mimi nikasema huyu mnyama amekuwa mvivu, karani amesema maji ni ya goti. Nikampiga fimbo."

 Hakunitukana. Nilingoja anitukane, nikaona hata hilo sitapewa. Aliponiomba nimwite Mzee amwingize ndani, nikasema naweza kumsaidia mwenyewe. Akasema niite Mzee.

Jumamosi, 20 Novemba

Idi. Mzee Ngatia amepika chapati kwa unga wa mwisho. Olow ameswali ameketi, uso kaskazini, mguu umenyooshwa juu ya gunia. Walikula pamoja, wakasimuliana habari za ng'ombe wa zamani. Nilikula karibu na mlango. Hakuna aliyenisukumia hapo, nilichagua mwenyewe.

Saa tatu nilimwita Warigia. Nilimwambia aandike. Akauliza, mvua, upepo au mto? Nikasema mto, lakini si namba. Nikamwambia kwamba kuanzia tarehe tisa alasiri mpaka tarehe kumi na saba, namba zote za mto nilizompa ni za mahali pengine.

"Rudia tafadhali."

Nikarudia.

"Karani, kuna upepo mwingi. Rudia tena."

Hakukuwa na upepo. Ilikuwa asubuhi ya pekee tangu nije ambayo vikombe vilisimama kabisa. Nikarudia mara ya tatu, polepole, neno kwa neno, kama anavyotaka tusome namba. Nilisikia kalamu yake. Halafu akasema amepokea, akafunga.

Nimeandika pia kwenye kitabu cha kituo, mbele ya Mzee, siku niliyoutoa mti na siku niliyourudisha. Alisoma kwa kidole. Akasema tarehe tisa niandike vizuri, inafanana na saba.

Jumanne, 23 Novemba

Nimeteremka. Mto ulishuka Jumapili, wapagazi sita wa Naro Moru wakaja na machela kumchukua Olow. Pamoja nao alikuja Mutahi, karani mwingine wa muda, kuchukua nafasi yangu. Ana buti za kijeshi. Kofia ile inamtosha. Tuna vichwa sawa, nani angejua.

Mzee Ngatia alinisindikiza mpaka kwenye mti. Sasa umekitwa kwa saruji waliyokuja nayo wapagazi. Alinipa viazi vitatu vya kuchoma, moto bado, niviweke mifukoni mikono isigande. Nilitaka kusema neno zuri la kuaga. Nikasema asante kwa viazi. Akasema njia ina utelezi.

Saa nane nilifika ofisi ya Naro Moru. Nilikuwa nimepanga kupita kwa nyuma. Lakini saini ilihitajika, na daftari la saini liko kwa Warigia.

Hafanani na sauti yake. Ni mwanamke wa makamo, miwani, shuka begani, picha ya watoto wanne mezani. Aliniambia niketi. Akafungua daftari lake la namba, akaligeuza nilione. Jumatatu tarehe kumi na tano, saa tatu: thelathini na nane. Mwandiko wake mzuri.

"Hii niliandika mimi," akasema. "Na ni mimi nilitoka hapo nje nikaenda kwa simu ya pale dukani, nikapigia Olow kule barabara inaisha, nikamwambia, panda, maji iko sawa. Alisikia kwa mdomo wangu. Sasa kila siku nikipita hapo mbele ya duka, napita nikiangalia chini. Ulifikiria hiyo?"

Sikuwa nimeifikiria. Nilikuwa nimejifikiria mimi, wiki nzima, kwa bidii.

Nikatia saini. Nilipofika mlangoni, Mungu anisamehe, niliuliza kile kifurushi kilikuwa na nini. Alinitazama juu ya miwani.

Fomu za mvua za Desemba.

Jumatano, 24 Novemba

Nanyuki. Olow ameniomba kitu kimoja tu, alipokuwa anawekwa kwenye machela: niende kwake, nimweleze Zeynab kwa mdomo wangu kwa nini Dhahabu hakurudi. Yeye mwenyewe alikuwa hospitalini, mguu kwenye plasta. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kunisaidia maneno.

Nyumba iko nyuma ya soko la mifugo. Zeynab alinipokea kama mgeni wa Idi. Akaniwekea mkeka, chai ya maziwa ya ngamia, halua. Alidhani mimi ndiye yule aliyeshika kamba. Habari ya kamba ilikuwa imefika kwanza. Alinishukuru kwa machozi, nami nimekwisha kuuma halua. Ilibidi niimeze ndipo nianze kueleza. Haikushuka. Niliongea nayo mdomoni mpaka karibu katikati ya hadithi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza jambo moja, kama mnyama aliteseka sana. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, wa kumfariji. Nikasema sijui, kichwa chake kilikuwa juu kwa muda mrefu.

Akaitika. Akainuka akaenda uani. Nyuma ya ua niliona kibanda chenye nafasi mbili. Yule wa kijivu alikuwa amesimama kwenye nafasi yake, ameegemea upande mmoja, upande wa nafasi tupu. Zeynab akaanza kumlisha nyasi. Ningeweza kuondoka hapo. Niliketi mpaka chai ikapoa, maana sikujua mtu anaondokaje mahali kama hapo. Mwishowe akarudi, akaniambia kwamba gari la Nyeri la saa tisa linakaribia kujaa.

Halua iliyobaki alinifungia kwenye karatasi. Sikuweza kukataa. Sikuweza pia kuila. Nimempa mwanamke aliyekaa karibu nami garini.

Jumatatu, 29 Novemba

Nyeri. Nimeitwa mbele ya Bwana Ndungu. Hakunikaripia, na hilo lilinivunja zaidi. Alisema ukweli wangu umefika mapema kuliko wa wengine, na kwamba hatanishtaki, lakini kituoni sitarudi tena. Wanatafutia Olow kazi ya kulinda bohari mpaka mguu upone. Nikasema nashukuru. Nikasema nimebadilika. Akasema anatumaini hivyo.

Na ni kweli nimebadilika. Siku tano hizi sijalala vizuri. Nikifumba macho naona yale masikio. Mama amegundua sili halua wala sukari, akadhani nimekuwa mlokole. Nimeamua: Kingori yule wa darubini amekufa. Kuanzia leo ni ukweli mtupu, kwenye mambo madogo na makubwa. Nimeandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya na kupiga mstari chini.

Nikitoka, kwenye ubao wa ofisi nimeona tangazo. Wanahitaji mtu wa kuhesabu samaki na ndege kwa miezi mitatu, kwenye kisiwa katikati ya Ziwa Rudolf. Kisiwa halisi, maji pande zote mpaka macho yanachoka. Joto! Hakuna baridi hata kidogo. Upepo unasemekana upo, lakini wa joto. Wanapendelea mtu aliyewahi kuishi kisiwani. Wangapi Nyeri nzima wanaweza kusema hivyo? Nimeomba fomu hapo hapo.

Nimeijaza kwa uaminifu mkubwa. Jina, kweli. Umri, kweli. Umewahi kuishi kisiwani? Ndiyo, na tarehe nimeziandika vizuri, tisa inaonekana ni tisa. Swali la saba lilinisimamisha kidogo: mwombaji lazima ajue kuogelea na kuendesha mashua, kwa sababu kisiwani atakuwa na wavuvi wawili ambao watamtegemea.

Nimelitafakari swali hilo kwa dakika nzima. Kingori wa zamani, ni lazima nikiri, hajawahi kuingia maji yanayopita goti.

Lakini huyo amekufa. Huyu mpya anaogelea vizuri sana.